Damu Hufuliwa kwa Maji Baridi

Kwa miaka ishirini na saba nilipenda vitu viwili ambavyo mke wangu hakuwahi kuvielewa: timu ya Siafu na sinema za majambazi. Vyote viwili nilipewa na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Nilipokwenda kwao mara ya kwanza kujitambulisha, hakuniuliza kazi wala ukoo. Aliniuliza, "Wewe unashabikia nani?" Nikamwambia sina timu. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba sina kitovu. Jumamosi iliyofuata akanipeleka uwanjani, akanivika jezi yake ya zamani, nyekundu iliyokolea, imenibana kwapani. Tukafungwa tatu bila. Akanipiga bega, akasema, "Sasa umekuwa ndugu. Kushangilia ushindi kila mtu anaweza."

Hiyo ndiyo Siafu. Tulikuwa na kipa mwenye mikono mirefu ajabu, ila aliitumia zaidi kuwapungia mashabiki. Tulikuwa na winga mwenye mbio za kumwacha hata kivuli chake, tatizo ni kwamba na mpira aliuacha hukohuko. Mke wangu alikuwa akisema, "Nyinyi mnakwenda msibani kila Jumamosi. Tofauti yenu na wafiwa ni kwamba nyinyi mnalipa kiingilio." Tulicheka, kisha tukaenda.

Sinema zilikuwa za Jumapili alasiri, nyumbani kwa shemeji. Alikuwa na kiti chake cha mikono ambacho hata mama yake mzazi hakukikalia, na kwa sababu ya kiti hicho na sauti yake nzito, sote tulimwita Bosi. Mimi aliniita Dobi, kwa kuwa nafanya kazi ya kufua katika hospitali. Tulipenda zile za zamani, za watu wenye makoti marefu na kofia, wanaozungumza taratibu hata wanapotishia kuua. Kulikuwa na ile ya ndugu wawili waliokuwa na kiwanda cha barafu, wakificha bunduki ndani ya mabonge. Kulikuwa na ile ya kinyozi aliyejua siri za genge zima kwa sababu wote walinyoa kwake. Siku alipofungua mdomo wakamkata ulimi, na kesho yake akafungua duka akaendelea kunyoa. Lakini Bosi aliipenda zaidi ile ya mtu aliyefungwa miaka kumi na minane bila kumtaja mwenzake hata mmoja. Siku ya kutoka gerezani, genge zima limempangia mstari nje ya lango, kofia mikononi. Bosi alilia kila tulipofika hapo, nami nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Mwanamume ni mdomo, Dobi," alisema akijifuta kwa mkono wa shati. "Ukishindwa kuufunga, fungasha."

Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mpana wa mabega, mwenye makovu ya cheche hadi shingoni. Mke wangu alipovuja damu wakati wa kumzaa binti yetu, Bosi alikuja mbio na nguo za kazi, akalala kitandani, akatoa damu. Daktari alipomwambia inatosha, akauliza kama hawawezi kuchukua kidogo tena, isije ikapungua. Kwa hiyo kwa mke wangu alikuwa damu mara mbili. Kwangu sijui nimwite nani. Sikuzaliwa na kaka.

Mwaka jana, Siafu walihitaji sare tu katika mechi ya mwisho ili watwae ubingwa, wa kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Wapinzani walikuwa Kunguru, watani wetu wa jadi, wenye jezi za mistari myeusi na myeupe. Bosi alitengeneza mlingoti mpya wa bendera yetu kwa bomba la chuma, akausugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Mechi ilianza saa tisa alasiri. Hadi dakika ya tisini hakukuwa na bao. Watu wazima walikuwa wameshikana mikono. Bosi alikuwa amefumba macho, midomo ikimcheza.

Dakika ya tisini na tatu, beki wetu akaurudisha mpira kwa kipa bila kutazama. Kipa alikuwa ameshatoka golini, anawapungia watu. Mpira ukaingia wenyewe, polepole, kama mwenye nyumba anayerudi kwake.

Jukwaani kwetu hakuna aliyepiga kelele. Nilimsikia Bosi akitoa pumzi, basi.

Tulitoka kwa mlango wa nyuma ili tusikutane na nderemo za Kunguru. Huko kuna njia nyembamba, upande mmoja ukuta wa uwanja, upande mwingine karakana zilizofungwa. Jua lilikuwa bado kali. Mbele yetu tukamwona mtu mmoja, peke yake, mwembamba, mwenye miwani na jezi ya Kunguru. Alikuwa ameinama anarekebisha kandambili iliyokatika ukanda. Alipotuona alisimama, kandambili mkononi, akasema, "Poleni sana, jamani. Kwa kweli mlicheza kutushinda."

Nilimsikia vizuri. Hakukuwa na kejeli ndani yake hata chembe. Lakini Bosi alisikia kitu kingine. Akauinua mlingoti kwa mikono miwili, bendera ikiwa bado inaning'inia, akampiga mara moja kichwani.

Katika sinema kuna muziki mtu anapopigwa. Pale palikuwa na mlio mdogo tu, kama mlango wa kabati unaofungwa. Yule bwana alianguka ubavu, kichwa kikagonga ukingo wa saruji, miwani ikateleza hadi miguuni pangu. Alikuwa bado ameishika kandambili.

Bosi alilitazama lile bomba kana kwamba mtu mwingine amemshikisha. Mimi ndiye niliyesema. Nataka hilo lijulikane. Mimi ndiye niliyesema, "Tukimbie."

Tulipofika barabara kubwa, katikati ya umati, akaizungusha bendera kwenye bomba mpaka likafunikwa lote. Akaniuliza bila kunitazama, "Dobi, umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Ndugu yangu," akasema, na akanishika mkono kwa nguvu mpaka tulipoagana.

Jumatatu nikaenda kazini kama kawaida. Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya hospitali. Kuna mashine nne, mbili zinafanya kazi, ya tatu inafanya kazi ikipendezwa. Mashuka yanashuka kwa vigari, yamefungwa kwenye mifuko: myekundu ya upasuaji, ya manjano ya wodi. Saa nne asubuhi Sista wa wodi ya wanaume alishuka mwenyewe na mfuko mdogo wa plastiki.

"Kaka, nisaidie," akasema. "Hii ilitakiwa ichomwe, tulishaikata kwa mkasi. Lakini dada wa mgonjwa ameililia. Anasema ndiyo nguo anayoipenda kuliko zote."

Nikaufungua mfuko. Mistari myeusi na myeupe, na ile myeupe haikuwa myeupe tena.

Damu hufuliwa kwa maji baridi. Ni jambo la kwanza wanalokufundisha katika kazi yangu, kwa sababu maji ya moto huipika damu ikashikamana na uzi, na ikishashikamana haitoki tena. Unaloweka, unasubiri, unamwaga, unaloweka tena. Sikuitia kwenye mashine. Niliifua kwa mikono kwenye sinki, maji yakawa mekundu, kisha ya waridi, kisha kama chai iliyokosa majani. Ilinichukua saa mbili. Walio chini yangu kazini waliniuliza ni ya nani. Nikasema ya mtu.

Ningeweza kumpa Sista airudishe. Nikaipeleka mwenyewe.

Yule bwana wa kandambili alikuwa kitanda cha tisa, kichwa kimenyolewa na kufungwa bendeji, upande mmoja wa uso umelegea. Dada yake, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa kama miaka hamsini, alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua kwa kuwa viti havitoshi. Aliipokea ile jezi kwa mikono miwili, akainusa.

"Hata harufu hakuna," akasema. "Mungu akubariki, kaka."

Akanieleza bila mimi kumwuliza, kama watu wa hospitalini wanavyoeleza. Ndugu yake ni fundi saa. Miaka thelathini kwenye kibanda kisichozidi upana wa kitanda. Hana mke, hana mtoto, ana Kunguru. "Hajawahi kugombana na mtu. Hata saa ikimshinda, huiomba radhi kabla ya kuirudisha." Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa. Na maneno yote yalikuwa yamempotea isipokuwa moja.

"Unaumwa?" dada yake akamwuliza, ili nisikie.

"Bado," akasema fundi saa.

"Umemwona mgeni?"

"Bado."

"Kila kitu ni bado," akasema dada yake, akajaribu kucheka. Kisha akaniuliza, "Na wewe kaka, ni wa timu gani? Siafu au sisi?"

Fundi saa alikuwa ananitazama kwa jicho moja. Sijui kama alinijua. Mpaka leo sijui.

"Mimi sifuatilii mpira," nikasema.

Timu niliyoililia mvuani, timu iliyonipa ndugu, niliikana pale mbele ya mtu aliyelala, na sauti haikunitetemeka.

Tangu siku hiyo mashuka ya kitanda cha tisa niliyapandisha mwenyewe. Niliwaambia wenzangu nanyoosha miguu. Nilimsaidia yule mwalimu kumgeuza ndugu yake ili asipate vidonda, yeye akishika mabega, mimi nikishika kiuno. Aliniletea machungwa. Nikayala. Siku ya tisa alinipokea mlangoni, macho yanang'aa.

"Wamemkamata!" akasema. "Anauza bendera nje ya uwanja. Walimkuta na mabomba kumi na mawili ya chuma, na moja lina doa. Nilisema mimi, siku arubaini za mwizi hazikufika."

Nilimjua yule muuza bendera. Bosi alinunua kwake kitambaa, bomba akakata la kwake mwenyewe karakanani. Doa lile huenda lilikuwa kutu.

Saa ya chakula cha mchana nikatembea mpaka karakana ya Bosi. Alikuwa anachomelea lango. Alipovua kinyago cha kazi nikaona macho mekundu, na si kwa moto peke yake. Hata mshono wa lile lango ulikuwa unapanda na kushuka kama wa mwanafunzi.

"Wamemkamata muuza bendera," nikasema.

"Nimesikia. Watamwachia. Hawana ushahidi."

"Ana watoto, Bosi."

"Mimi ninao wangapi?" Akakaa juu ya mtungi wa gesi. "Yule mtu anaendeleaje?"

Nikamweleza. Mkono. Lile neno moja. Akasikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Nikifumba macho, Dobi, naisikia ile sauti. Nikiwasha mashine naisikia. Mke wangu akifunga kabati natoka nje."

"Basi twende. Mimi na wewe. Tukaseme."

"Siwezi."

"Nitakuwa pembeni yako."

"Naogopa, shemeji." Hakuwa ameniita shemeji kwa miaka mingi. Mtu mzima yule, mwenye mabega ya kubeba lango. "Naogopa kule ndani. Lakini wewe huwezi kunifanyia hivyo. Unamkumbuka yule kinyozi wetu?"

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama anayekumbusha jambo zuri tulilolifanya pamoja zamani, na hilo ndilo lililonichoma.

Njiani nikirudi nilizifikiria zile sinema zote, Jumapili baada ya Jumapili. Nilijaribu kukumbuka moja, hata moja tu, inayoonyesha mtu akigeuzwa kitandani ili asioze mgongo. Wanaopigwa huanguka, basi, hadithi inaondoka na aliyepiga. Hakuna aliyewahi kutuonyesha nani anafua mashuka.

Nilivumilia siku nyingine nne. Siku ya kumi na tatu nilimkuta mke wangu jikoni anachambua mchele kwenye sinia. Nikakaa juu ya kibao mbele yake, nikamwambia yote. Vidole vyake havikusimama. Alitoa jiwe, akaliweka kando, akatoa jingine. Nilipomaliza akauliza, "Yule fundi ana nani?"

"Ana dada."

Akaguna. Akachambua mpaka sinia lote likaisha, akalitikisa, akalianza upya, ingawa hakukuwa na jiwe hata moja lililobaki.

"Damu yake ndiyo iliyoniinua mimi," akasema. "Unajua hilo."

"Najua."

"Na wewe siku kumi na tatu unalala pembeni yangu." Sasa akanitazama. "Nenda. Sitakuzuia wala sitakutuma. Lakini ukirudi, usije ukanieleza ulisema nini. Maneno hayo nisiyasikie kwa mdomo wako."

Asubuhi nikaenda kituoni. Afande aliyekuwa zamu alikuwa na kalamu isiyotoa wino. Aliikwaruza, akaipulizia, akaazima ya mwenzake. Akaandika kila neno langu, kisha akauliza, "Siku kumi na nne zote hizi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafua."

Akadhani namfanyia mzaha.

Walimchukua Bosi mchana uleule, karakanani. Jirani zake walisema hakubisha. Alizima mashine, akatundika kinyago kwenye msumari, akawauliza kama anaweza kunawa mikono kwanza. Mahakamani alisema ni kweli. Mimi nilisimama kwenye kizimba cha mashahidi nikarudia niliyoyaandikisha, na katika muda wote huo alinitazama mara moja tu, si kwa chuki. Alinitazama kama siku ile nilipomwambia sina timu. Akapewa miaka sita. Mama mkwe wangu alikuwa benchi la mbele. Tulipokuwa tunatoka nikamsogelea kumsalimia.

"Shikamoo, mama."

Akapita. Kwa mila zote ninazozijua, salamu hiyo haikosi jibu. Mimi nililikosa.

Muuza bendera walimwachia. Alitoka na mapengo mawili ambayo hakuingia nayo. Nilikutana naye sokoni, nikamwambia mimi ni nani, sijui nilitarajia nini. Akasema, "Ulikuwa unajua tangu siku ya kwanza?" Nikasema ndiyo. Akachukua mzigo wake akaenda zake.

Yule mwalimu nilimwendea siku ileile niliyotoka kituoni, kabla hajaambiwa na mwingine. Nilikuwa na mashuka mikononi. Alinisikiliza amesimama. Nilimweleza hata kuhusu neno langu, "Tukimbie." Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ndogo, kwa ajili ya ndugu yake.

"Ulikuwa unamshika kiuno," akasema. "Ulikuwa unamshika kiuno, na unakula machungwa yangu."

"Nisamehe, dada."

"Mashuka uyaache mlangoni. Kuanzia leo uyaache mlangoni."

Fundi saa akasema, "Bado." Sidhani alikuwa ananiambia mimi. Alitolewa hospitalini mwezi uliofuata, amewekwa kwenye kiti cha magurudumu, jezi yake imekunjwa magotini. Kibanda chake sasa ni cha mtu anayeuza vocha za simu.

Uwanjani nilirudi mara moja. Nilikaa mahali petu. Hakuna aliyenitukana. Safu nzima ilijisogeza tu, huku na huku, mpaka jukwaa likanipatia nafasi ya watu kumi. Nyuma yangu mtu mmoja alikohoa, "Kinyozi," na wachache wakacheka. Kumbe Bosi alikuwa amewasimulia sinema zake hata wao. Siafu walikuwa wanaongoza mbili bila, wanacheza vizuri kama sijawahi kuwaona. Nilitoka wakati wa mapumziko. Tangu hapo matokeo nayasikia yakipita redioni kwa majirani, nami najikuta nimeongeza maji kwenye bomba ili nisisikie vizuri.

Na sinema pia. Jumapili moja niliweka ile ya kiwanda cha barafu, peke yangu, mke wangu ametoka. Ndugu mkubwa alipompiga mlinzi kwa nyundo, kamera ikamfuata yeye akivuka barabara, anawasha sigara, anavutia kweli. Mimi nilibaki naangalia kona ya chini ya kioo, pale ulipoonekana mguu wa yule mlinzi. Mguu ukasogea kidogo. Sikuwahi kuuona ukisogea, na ile sinema nilishaitazama labda mara ishirini. Nikazima.

Mke wangu hakuniacha. Watu wengine wananiambia nishukuru, na mimi nashukuru. Tunakula pamoja, tunaulizana habari za binti yetu aliyeolewa mbali, tunacheka hata, jambo likichekesha. Ila zamani alikuwa na tabia ya kuweka miguu yake ya baridi juu ya yangu tukilala, mimi nikipiga kelele. Sasa anavaa soksi.

Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi huenda kumwona kaka yake. Mimi humsindikiza, nimembebea kikapu, mpaka kwenye lango la gereza. Bosi alishasema hataki kuniona, kwa hiyo ninampa mke wangu kikapu naye anaingia. Mimi huvuka barabara nikakaa kwenye ukuta mfupi wa duka la matairi, nikisubiri. Safari ya mwisho alikaa ndani zaidi ya kawaida. Alipotoka alivuka bila kutazama magari, dereva mmoja akampigia honi, naye hakugeuka.

"Yuko vipi?" nikamwuliza.

"Amekonda," akasema.

Akanipa kikapu kitupu, tukaanza kutembea.